Samaki wa Mama Dipu

Juzi nimetoka kwenye mgahawa mmoja mpya hapa Ifakara nikiwa nimeacha sahani imejaa. Ubaoni wameandika kwa chaki, tena kwa herufi kubwa, CHAKULA CHA KIHINDI. Nikajisemea, ngoja niingie, nimestaafu kupika lakini sijastaafu kula. Kijana akaniamkia vizuri, akaniletea wali wa njano, paja la kuku na mchuzi wenye ladha moja tu, ladha ya bizari ya pakiti. Nikamuuliza, "Mwanangu, hiki ni Kihindi cha wapi?"

"Cha Kihindi tu, bibi."

"India ni kubwa. Cha wapi?"

Akacheka, akaenda kumwita mwenzake aje amwone bibi mkorofi.

Ndiyo, mkorofi, na leo nitakuwa mkorofi hadi mwisho wa maneno haya, kwa hiyo asiyetaka afunge ukurasa. Nawaandikia ninyi mnaosomea upishi, mnaovaa kofia nyeupe na kupiga picha chakula kabla hakijaiva. Mpogoro wa hapa ukimwambia chakula chake ni mtori, kwa sababu eti Mchaga naye ni Mtanzania, atakushangaa. Msukuma anayechunga ng'ombe bondeni ukimpa wali wa nazi asubuhi, mchana na jioni, ukamwambia hiki ndicho chakula chenu Watanzania, atabeba fimbo yake aondoke. Sasa kwa nini Wahindi, ambao ni wengi kutuzidi mara nyingi, mnawapakulia chungu kimoja?

Naitwa Skolastika, watu huniita Mama Skola. Nilipika kwa miaka mingi kwenye nyumba moja ya mtaa wa Lipangalala, nyumba ya kampuni iliyokuwa ikifunga mashine za kukoboa mpunga huku kwetu. Mafundi walitoka India. Anakuja huyu, anakaa mwaka au miwili, anaondoka, anakuja mwingine. Mimi nilibaki na majiko yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Salehe, mpishi wa kutoka pwani, mwenye mkono mzuri wa pilau kuliko yeyote niliyemwona. Alinifundisha kukaanga vitunguu bila haraka mpaka viwe rangi ya udongo wa kichuguu, na mpaka leo hakuna anayenishinda hapo. Lakini naye alikuwa na ugonjwa wenu. "Skola," aliniambia siku naanza kazi Lipangalala, "Mhindi hana shida. Kitunguu, thomu, tangawizi, bizari. Ukishika hivyo vinne, umemshika Mhindi."

Nikaenda na hivyo vinne. Siku ya kwanza nikampikia dengu Bwana Hasmukh, mzee mpole wa Gujarat, nikazijaza vitunguu na thomu kwa upendo wote. Akakaa, akainusa sahani, akairudisha katikati ya meza taratibu. Dini yake hairuhusu chochote kinachochimbwa ardhini. Si kitunguu, si thomu, si kiazi, hata karoti. Nilimuuliza, sasa wewe unakula nini, hewa? Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akavua viatu, akaingia jikoni kwangu, akanionyesha. Samli ya moto, mbegu za haradali zikianza kurukaruka unatia mvuje, ile gundi yenye harufu kali, kidogo sana, kiasi cha kushika kwa ncha ya kucha, na huo mvuje ndio unaoziba nafasi ya kitunguu. Mwishoni sukari guru. Sukari, kwenye dengu! Nilidhani mzee amechanganyikiwa. Nikaonja, nikachota tena.

Mwenzake wa chumba cha pili, Tomaso, alitoka Kerala, kusini kabisa, na alikuwa Mkristo kama mimi. Yeye alikula kila kitu, ng'ombe, samaki, bata, ilimradi kuna nazi. Mafuta ya nazi, tui la nazi, nazi ya kukaanga. Nilifurahi, nikasema huyu ni mtu wa nyumbani. Kumbe wali wetu wa Mchombe, huu unaonukia mpaka barabarani, kwake ulikuwa mwembamba mno! Alitaka mchele mnene, mwekundu, wa kutafuna. Nilikasirika siku hiyo, nakiri, maana kumwambia mtu wa Kilombero kwamba mchele wake hautoshi ni kumtukana mama yake. Mama mzazi wa Tomaso ndiye aliyetupatanisha. Alinifundisha kwa simu ya picha, mimi nimeegemeza simu kwenye kopo la chumvi, yeye kule kwao anapiga kelele kila nikigeuza mwiko, na Tomaso katikati anatafsiri jasho likimtoka.

Halafu kulikuwa na Kalasinga mmoja, Gurmeet, wa Punjab. Kwake wali ni chakula cha mgonjwa. Alitaka ngano, maharage makubwa yaliyochemka tangu usiku, na siagi, siagi, siagi. Mama wa Kisukuma aliyetuletea maziwa kwa baiskeli alimpenda Gurmeet kuliko jamaa zake wote.

Sasa kampuni ikatuletea msimamizi mpya wa nyumba. Akatazama majiko yangu manne yanawaka kwa pamoja, akashika kiuno. "Mama Skola, hii ni fujo. Hawa wote ni Wahindi. Pika chungu kimoja, tuokoe gesi."

Nilimwambia haitawezekana. Akaniambia nisimfundishe kazi. Nikasema haya, baba, mimi nani. Nikapika chungu kimoja kama alivyoamuru, kuku wa bizari na wali wa njano, kile kile cha kule mgahawani. Bwana Hasmukh alikula ndizi mbivu. Gurmeet aliagiza mkate dukani. Tomaso alikula, lakini kwa uso wa mtu aliye msibani. Kesho yake msimamizi mwenyewe aliniomba niwashe majiko yote, na hakuniangalia usoni.

Lakini si hao wanaoniuma hadi leo. Anayeniuma ni Mama Dipu.

Mwanawe, Dipankar, alikuwa fundi wa mota, mtu wa Bengal, kwenye mito na matope kama hapa kwetu. Alikuwa ameishi nchini muda mrefu na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Mbengali na samaki, ndugu zangu, hamuwezi kuwatenganisha. Alikuwa anakwenda mwenyewe asubuhi kuwangoja wauza samaki wanaotoka mtoni, anafunua matamvua, anachagua. Alinifundisha kusaga haradali na pilipili mbichi kwenye jiwe, kumpaka perege, kumfunika kwa moto mdogo. Alinifundisha mbegu za aina tano zinazotiwa nzima kwenye mafuta, uwatu, habasoda, bizari nyembamba, haradali na shamari, wala husagi hata moja. Alinifundisha kutia kichwa cha kambale ndani ya dengu. Mimi mtoto wa Kilombero, nimelelewa na samaki, nilijifunza upya kumla samaki kwa Mbengali. Kijana wa mgahawani, hicho nacho ni Kihindi, na hakifanani hata kidogo na cha Bwana Hasmukh.

Baba yake Dipankar alifariki kule kwao. Baada ya muda akamleta mama yake aje kukaa naye, asibaki peke yake. Sisi tulimwita Mama Dipu, kwa sababu yeye alimwita mwanawe Dipu. Mama mdogo wa umbo, amevaa sari nyeupe tupu, hana hata bangili.

Nikasema mgeni huyu atanijua leo. Nikapika dengu kwa kichwa cha kambale mkubwa, nikapika perege wa haradali, nikapanga meza. Mama Dipu akafika mlangoni, harufu ikampiga, akaziba pua kwa upindo wa sari, akarudi chumbani kwake. Nikasikia mlango unafungwa.

"Kuna nini?" nikamuuliza Dipankar. "Samaki ameharibika?"

"Hapana, Mama Skola. Samaki safi." Akawa anachora mezani kwa kidole. "Yeye hali samaki. Tangu baba afariki. Kwetu mjane, wa familia za zamani kama yetu, hali samaki, wala nyama, wala yai. Kitunguu hapana. Thomu hapana. Zile dengu nyekundu pia hapana."

"Mpaka lini?"

"Mpaka afe."

Vijana, mimi nami ni mjane. Mume wangu alipofariki, shemeji zangu walikuja kabla machozi hayajakauka, wakachukua shamba la mpunga Mchombe ambalo nililima kwa mikono hii. Kwa hiyo nilipomsikia Dipankar nilishikwa na hasira ambayo haijaisha mpaka leo ninapoandika. Ya kwangu ilikuwa ardhi. Huyu mama walimfuata mpaka mdomoni.

Basi Mama Dipu akaanza kujipikia. Alikuwa na sufuria zake na sahani yake, havikukaribia samaki. Alikuja pia na kisu chake cha ajabu, makali yamesimama juu ya ubao, unakaa chini, unaukanyaga ubao kwa mguu na kukisukumia mboga, kama unavyokalia mbuzi ya kukunia nazi. Nilikuwa namwangalia nikiwa nimenuna. Alichukua ua la mgomba, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, ambalo sisi tunalitupa. Akalifungua jani kwa jani, akatoa vijiua vya ndani, kila kimoja akakichomoa uzi wake mgumu, akaloweka, akakata, akapika na nazi na tangawizi. Alichukua maganda ya mumunye ambayo nilikuwa nimeyatia kwenye ndoo ya kuku. Akayakata membamba kama nywele, akayakaanga na habasoda.

Akanipa nionje.

Niwaambie ukweli. Nimepika maisha yangu yote, nimekula kwenye harusi za matajiri, na sijawahi kula kitu kilichopita yale maganda. Nilisimama pale na kijiko mdomoni nikitaka kulia kwa hasira, kwa maana nilielewa. Wajane hawa walinyang'anywa kitunguu, thomu, samaki, kila kilicho kitamu, wakaachiwa maganda na maua. Wakayageuza kuwa hivi. Vizazi na vizazi, kila mmoja amekaa peke yake na kisufuria chake. Na ninyi mtaandika kwenye ubao wenu "mboga za Kihindi".

Kila siku jioni, nilipokuwa nakaanga samaki wa mwanawe, Mama Dipu alikuja akasimama kwenye mlango wa jikoni. Siku za mwanzo alikuwa anaziba pua. Baadaye akaacha kuziba. Alisimama tu mpaka nitoe samaki kwenye kikaango, ndipo anaondoka. Na alikuwa anakonda, mifupa ya mabega imetokeza ndani ya ile sari.

Nikamfuata Dipankar. "Mama yako anawapenda samaki?"

Akacheka kidogo, cheko la huzuni. "Anawapenda? Alizaliwa kando ya mto. Nyumbani kichwa cha samaki kilikuwa cha baba, ndiyo desturi. Lakini baba alikuwa anakihamishia kwenye sahani ya mama kila siku, bibi yangu asione."

"Baba yako alimpa kichwa miaka yote, na leo mnamnyima hata mkia kwa jina lake?"

"Mama Skola, mimi simkatazi. Nimemwambia mara nyingi, kula, mama, siku hizi kule kwetu wengi wameacha hayo. Hataki."

"Ulimwambia huku unatafuna."

Akajifanya anafuta grisi kwenye vidole.

"Nisikilize, mwanangu. Aliyekufa ni mtu mmoja. Wewe ulifiwa na baba, yeye alifiwa na mume, siku ile ile. Mbona aliyekatazwa samaki ni yeye peke yake?"

"Na mimi niliacha. Siku za msiba nilikula wali mkavu."

"Halafu matanga yako yakaanuliwa. Ya kwake yataanuliwa lini?"

Sikuwa na subira ya kungoja jibu. Nikamwambia kuanzia leo samaki hapikwi kwenye jiko langu. Aanze kula maganda na yeye. Msimamizi akasikia, akanipigia kelele kwamba nimeajiriwa kupika, sikuajiriwa kuhukumu mila za watu, na akasema kama sitaki kazi kuna wanawake kibao Ifakara wanaoitaka. Hapo hakukosea, na mimi nilikuwa na watoto wa kusomesha. Lakini nilikuwa nimeshasema. Wauza samaki walipita getini na kengele zao za baiskeli, nikawafukuza kwa mkono.

Dipankar alikula mboga. Hakunung'unika, nadhani maneno yangu yalimwingia. Tuliendelea hivyo kwa siku kadhaa, nyumba nzima imenuna.

Sikutegemea kilichofuata. Nilikuwa napepeta mchele, Mama Dipu akaingia jikoni uso umewaka. Nilimwandalia tabasamu, nikidhani amekuja kunishukuru. Alikuwa na kambale mkubwa mkononi, amemshika matamvuani, amemnunua mwenyewe getini. Akamtupa juu ya meza yangu.

"Mwanangu njaa!" akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni tu, lakini siku hiyo kilimtosha. "Dipu kazi mchana kutwa. Jua. Mashine. Wewe hapana samaki. Kwa nini? Dipu amekosa nini?"

"Nimefanya kwa ajili yako, mama!"

"Mimi nimesema? Mimi nimeomba?" Akajipiga kifua. "Huu mdomo wangu. Si wako."

Hasira yangu yote niliyokuwa nimeipanga dhidi ya dunia, leo mwenyewe ninayempigania ananirudishia usoni. Nikamwambia haya, kama ni hivyo pika mwenyewe. Nilisema kwa ukali, kwa sababu niliumia.

Akapika. Alikaa chini, akaukanyaga ubao wa kile kisu chake, akamkata yule kambale kwa namna ambayo sijawahi kuiona, bila kusita, vipande vyote sawa, damu haikugusa sari. Mikono ile ilikuwa inamjua samaki. Mimi nilisaga haradali nikiliponda jiwe kwa hasira. Yeye alitia zile mbegu za aina tano kwenye mafuta. Alipotaka chumvi nilimsukumia kopo, nilipotaka nafasi alinipisha kwa bega. Akatia samaki, akatia maji, akafunika. Kila baada ya muda alifunua kidogo na kunusa mvuke. Hakuonja. Alikuwa anapima chumvi kwa pua.

Dipankar akarudi kutoka kazini, akafika mlangoni kwa kuifuata harufu. Akamwona mama yake amechuchumaa mbele ya sufuria ya samaki, akaganda pale pale.

Samaki akaiva. Mama Dipu akaniashiria nionje mimi. Nikachota. Vijana, ninyi mnaoniuliza chakula kizuri cha Kihindi ni kipi, ni kile, kilipikwa siku ile Lipangalala na mwanamke asiyeruhusiwa kukigusa kwa ulimi. Hakikupungukiwa na chochote. Nikameza.

"Chumvi imepungua," nikasema.

Akanitazama. "Hapana."

"Imepungua, mama."

"Mimi nimepika tangu mtoto. Chumvi sawa."

"Basi onja."

Nikamnyoshea mwiko. Mpishi huweza kuvumilia matusi ya kila aina, ila akiambiwa chumvi imepungua, na anajua haijapungua, hawezi kukaa kimya. Nilimwona anapambana. Akamtazama mwanawe mlangoni. Dipankar hakusema kula, wala hakusema usile. Safari hii alifunga mdomo wake, namshukuru kwa hilo.

Mama Dipu akanyosha kiganja. Nikamdondoshea mchuzi, tone moja la njano. Likakaa pale mkononi mpaka nikadhani litakauka. Kisha akalamba.

Alifumba macho muda mrefu. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa machozi, na sauti yake ilikuwa kali vile vile.

"Chumvi sawa," akasema.

"Si sawa," nikamwambia. "Tone halitoshi kujua."

Akanitazama vizuri, akaniona ninavyosema uongo, na mimi nikaona kwamba ameona. Akainuka, akajifuta mikono kwenye ile sari nyeupe, akaenda kuchukua sahani.